Gemu inakwama? Tafuta chanzo kabla ya kununua kadi ya grafiksi

Mashine nyingi za gemu zinazoletwa kwa mafundi hapa Arusha zilianza kazi zikiwa kompyuta za ofisi huko Ulaya. Ni Dell OptiPlex au HP EliteDesk za mtumba, prosesa i5 ya kizazi cha tatu au cha nne, RAM GB 8, na mwenye nayo anataka icheze GTA V, EA FC au Euro Truck Simulator 2 yenye mabasi aliyoyapakua mwenyewe. Akifika anauliza swali moja: "Fundi, ninunue kadi gani?" Nami nalazimika kumuuliza kwanza: inakwamaje?

Kukwama kuna aina zake, na kila aina ina chanzo chake. Kwenye mashine ya gemu, kadi ya grafiksi, yaani kifaa kinachochora picha, ndiyo hula pesa nyingi kuliko kifaa kingine chochote, lakini watu wengi huinunua ili kuondoa tatizo la pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine), la RAM, au la vumbi tu. Inaniuma kuona kijana amedunduliza miezi kadhaa, ameagiza kadi Kariakoo, imefika kwa basi, imefungwa, na gemu inaganda palepale ilipokuwa ikiganda. Kwa hiyo tupitie dalili kwanza, kadi tutaichagua baadaye.

Pakua MSI Afterburner. Ni programu ya bure, inafanya kazi kwenye kadi za kampuni zote, na inakuonyesha pembeni mwa gemu yenyewe kadi inafanya kazi kwa asilimia ngapi, kila kiini (core) cha prosesa kimefika wapi, joto, kumbukumbu iliyotumika na idadi ya fremu, yaani picha zinazochorwa, kwa sekunde. Bila namba hizo, wewe na fundi wako mtakuwa mnabahatisha.

Gemu ni nzito muda wote, tangu dakika ya kwanza

Tazama asilimia ya kadi. Ikiwa imekaa kati ya 95 na 100 na fremu bado ni chache, kadi kweli imezidiwa. Thibitisha kwa jaribio lisilo na gharama: shusha ukubwa wa picha ndani ya gemu kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Fremu zikipanda sana, tatizo ni kadi, na kadi mpya itasaidia. Zisipopanda, au zikipanda kidogo tu, kadi haikuwa inazuia kitu, na ukiweka nyingine utabaki na fremu zilezile. Jaribio hili naliamini kuliko ushauri wa muuzaji yeyote.

Kisha angalia kumbukumbu ya kadi. Kama kadi yako ni ya GB 2 au 4 na imejaa, gemu huanza kuazima RAM ya kawaida, ambayo kwa kadi ni polepole mno. Utaona kuta na barabara zikichelewa kuchorwa, au picha ikisimama kidogo kila unapoingia eneo jipya. Shusha ubora wa tekscha (picha zinazofunika kuta, barabara na vitu vingine) peke yake, mengine yaache. Ikitulia, umepata jibu: kadi ijayo iwe na GB 6 au 8.

Inaenda vizuri, inakwama, inaenda tena

Kadi ipo asilimia 50 au 60, fremu zinaruka kutoka 70 hadi 20 na kurudi. Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa, maana macho yanaona picha imekwama na akili inakimbilia kadi.

Task Manager ya Windows ikikuambia prosesa ipo asilimia 65, usiridhike. Huo ni wastani wa viini vyote. Gemu nyingi hutegemea sana kiini kimoja au viwili, na hicho kimoja kinaweza kuwa kimefika 100 huku wenzake wamepumzika. Afterburner huonyesha kila kiini peke yake. Counter-Strike 2 na Valorant ni mfano mzuri: hazidai sana kadi, zinadai prosesa. Mtu mwenye i5-3470 anayecheza hizo tu angefaidika zaidi na prosesa bora kuliko kadi ya aina yoyote.

Kwa mashine ya kizazi cha nne dawa ya bei nafuu ipo: i7-4770 au i7-4790 ya mtumba hukaa kwenye soketi ileile ya i5-4570, na badala ya nyuzi nne za kazi (threads) unapata nane. Hakikisha tu kwamba mazabodi (bodi kuu ya mashine) na feni yako vinaihimili. Kizazi cha tatu kina kikwazo kingine ambacho hakiondoki kwa kadi: hakina AVX2, aina ya maagizo ya hesabu ya prosesa yaliyoingia kwenye prosesa za Intel na kizazi cha nne mwaka 2013. Baadhi ya gemu za siku hizi huyadai, na bila hayo hazifunguki kabisa.

RAM nayo. Fungua kasha uhesabu vijiti. Kijiti kimoja cha GB 8 hufanya kazi kwa njia moja tu. Viwili vya GB 4 hufanya kazi kwa njia mbili na kupitisha data mara mbili kwa wakati mmoja. Mashine za ofisi mara nyingi huuzwa na kijiti kimoja. Kuongeza cha pili kinachofanana nacho, kwenye sloti sahihi, ni gharama ndogo, na mara nyingi mikwamo hupungua siku hiyohiyo. GB 16 kwa jumla ndiyo ninayopendekeza kwa gemu mpya. Kama Windows na gemu bado vipo kwenye hadi diski ya kuzunguka, hamishia kwenye SSD kabla ya kufikiria kadi. Mkwamo unaokuja kila unapokatiza mtaa mpya ndani ya GTA V, huku taa ya diski ikiwaka bila kupumzika, ni wa diski.

Robo saa ya kwanza ni safi, kisha inazidiwa

Hili ni joto. Kadi nyingi za Nvidia za mfululizo wa GTX 10 zimepangwa kujipunguza mwendo zikikaribia nyuzi 83. Prosesa nazo zina kikomo chao, nyingi karibu na nyuzi 100. Ukiona joto linapanda taratibu, linafika kiwango fulani na kugoma hapo, na papo hapo fremu zinaanza kushuka, usitafute zaidi.

Vumbi letu la kiangazi ni jekundu na laini, na linaingia kila mahali. Likichanganyika na mafuta ya jikoni au moshi, hutengeneza zulia kati ya feni na mapezi ya heatsinki (chuma cha kupoza), na huwezi kuliona mpaka uondoe feni. Toa kadi, ipeleke nje, puliza kwa blowa huku umezuia feni kwa kidole isizunguke, kwa sababu feni inayozungushwa kwa kasi na upepo wa blowa inaharibika bearing. Kadi yenye zaidi ya miaka mitano inahitaji pia pesti mpya ya kupitisha joto kati ya chipu na heatsinki. Zile pedi laini zinazokaa juu ya kumbukumbu zina unene maalumu. Zikichanika nunua za unene uleule, usizibe pengo kwa pesti.

Mahali ulipo pana mchango wake. Moshi ipo chini kuliko Arusha, na mwezi wa Februari chumba cha mchana kinaweza kupita nyuzi 30, wakati Arusha ya Julai tunavaa masweta. Joto la kadi linapanda kuanzia joto la chumba. Mashine iliyopimwa Julai huku Sakina ikaonekana ipo salama kwa nyuzi 76 inaweza kufika kikomo ikihamia Pasua wakati wa joto, bila kitu chochote kuharibika ndani yake. Acha nafasi nyuma ya kasha, na usiliweke ndani ya kabati la meza lililofungwa.

Inajizima ghafla gemu ikichanganya

Dalili hii ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo inayopaswa kuamua utanunua kadi gani. Skrini inazima, feni zinasimama, wakati mwingine mashine inajiwasha upya. Ukifungua kumbukumbu za matukio za Windows utakuta Kernel-Power 41. Namba hiyo inasema tu kwamba mashine ilizimika au kujiwasha upya bila kuzimwa kwa utaratibu. Haisemi kwa nini.

Anza na kutenganisha: tatizo ni la nyumba au la mashine? Kama taa ya chumbani ilififia na monita nayo ikazima, ni umeme wa nyumba. Mitaa ambayo transfoma moja inabeba nyumba nyingi, au jirani ana karakana ya kuchomelea mageti, volti hushuka jioni, saa ileile ambayo watu wanacheza. Pima kwenye soketi kwa mita wakati tatizo linatokea. Inatakiwa iwe karibu na 230. Ikiwa chini sana, stabilaiza ndiyo ununuzi wako wa kwanza. Kama unatumia UPS, jua kwamba UPS ya VA 650 haibebi wati 650. Kwa kawaida hubeba wati kati ya 360 na 400, na betri yake ikishazeeka, umeme ukiyumba kidogo tu inalia na kuangusha kila kitu.

Kama taa haikutikisika na monita imebaki imewaka ikisema hakuna ishara, geukia pawa saplai. Ifungue skrubu zake nne, ivute mpaka uone lebo. Usisome namba kubwa ya rangi. Shuka kwenye jedwali dogo lenye safu za +3.3V, +5V, +12V na nyingine, na chini ya kila moja ampea zake. Prosesa na kadi hula kwenye +12V. Chukua ampea za safu hiyo uzidishe kwa 12. Lebo iliyojaa maandishi ya 500W, halafu +12V ina ampea 16, maana yake ni wati 192 kwa prosesa, kadi, feni na diski kwa pamoja. Prosesa i5-4570 imepangiwa wati 84. Zinabaki 108. Ukifunga hapo RX 580, iliyopangiwa wati 185, mashine lazima ijizime, na kama haijizimi ni kwa sababu kitu fulani kinaungua polepole.

Pawa saplai za asili za Dell na HP ni waaminifu zaidi kwenye lebo zao, ila ni ndogo. OptiPlex 9020 ya mnara ina wati 290, nyembamba yake ina 255, na HP EliteDesk 800 G1 nyembamba ina 240. Nyingi hazina kabisa waya wa kulisha kadi. Na mazabodi ya 9020 haitumii plagi ya kawaida ya pini 24, inatumia ya pini 8, kwa hiyo ukinunua pawa saplai ya kawaida lazima ununue na adapta yake. Muulize muuzaji hilo kabla hujalipa.

Sasa hesabu ya kadi yenyewe. Sloti ya PCIe inatoa hadi wati 75. Waya wa pini 6 unaongeza 75, wa pini 8 unaongeza 150. Kuna viadapta vinavyochukua umeme wa plagi ya SATA, ile ya diski, na kuugeuza kuwa pini 6. Plagi ya SATA imepangiwa wati 54 kwenye volti 12, nacho kiadapta kinaahidi 75. Plastiki ya plagi hiyo huyeyuka na huweza kuwaka moto. Nawasihi msikitumie hata kwa majaribio, na fundi akikuwekea, mwambie akitoe.

Kadi imefungwa, skrini nyeusi

Kabla ya kumlaumu muuzaji, angalia waya wa monita umechomekwa wapi. Mara nyingi umebaki kwenye tundu la mazabodi, pale ulipokuwa siku zote. Uhamishie kwenye matundu ya kadi, chini yake. Halafu hakikisha kadi imeingia hadi klipu ya sloti imelia, na waya wa pini 6 au 8 umechomekwa.

Monita zetu nyingi za mtumba zina VGA tu. Nvidia waliacha ishara ya analogi kuanzia mfululizo wa GTX 10, na kadi nyingi za leo zina HDMI na DisplayPort pekee. Unahitaji adapta ya kubadilisha ishara, yenye chipu ndani. Waya mtupu wenye HDMI upande huu na VGA upande ule hautafanya lolote. Kama vyote vipo sawa na bado ni nyeusi, sasisha BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine) ya mazabodi kutoka kwa mtengenezaji wake, ukiwa umerudisha kadi ya zamani au unatumia grafiksi ya ndani ya prosesa, na jaribu kubadili kati ya hali ya zamani ya kuwasha mashine (Legacy) na ile mpya (UEFI) kwenye mipangilio.

Viboksi vya rangi, mistari, nukta zinazometa

Zikionekana kwenye gemu tu, rudisha mwendo wa kadi kwenye kiwango cha kiwandani na usafishe draiva kwa DDU, programu ya kuondoa draiva ya zamani kabisa, kabla ya kuweka mpya. Zikionekana hata kwenye maandishi ya BIOS, kumbukumbu ya kadi au chipu yenyewe inakufa. Kuna watu huipasha moto ikafufuka wiki mbili, kisha huiuza. Usinunue kadi iliyofufuliwa, na usiwauzie wenzako.

Kadi inafanya kazi, lakini haifikii sifa zake

Fungua GPU-Z. Ni programu ndogo ya bure, na tangu 2018 imekuwa ikizitambua kadi bandia za Nvidia na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Bandia iliyozoeleka ni GTS 450 ya 2010 au GTX 550 Ti ya 2011 iliyobadilishwa programu ya ndani ili Windows iione kama GTX 1050 Ti. Ukiona 1050 Ti yenye tundu la VGA, itilie shaka hapohapo.

Kuna kadi ambazo si bandia, ila jina lake linapotosha. RX 580 ya kawaida ina viini 2304. Inayouzwa kama 2048SP ina 2048, sawa na RX 570. GTX 1060 ya GB 3 haikupungukiwa kumbukumbu tu, ina viini 1152 badala ya 1280. GT 1030 ilitoka ikiwa na kumbukumbu ya aina ya GDDR5 inayopitisha GB 48 kwa sekunde, kisha 2018 ikaja nyingine yenye jina lilelile na DDR4 inayopitisha GB 16.8. Na mtego mkubwa kuliko yote madukani ni GT 730 ya GB 4. Mteja anasoma GB 4, analinganisha na GTX 1650 ya GB 4, anaona moja ni rahisi zaidi. GT 730 ya DDR3 haifiki GB 30 kwa sekunde, GTX 1650 ya GDDR5 inapitisha 128. Haifai kwa gemu, kwa bei yoyote utakayopewa.

Angalia pia GPU-Z inasema nini kuhusu upana wa njia. Kadi iliyotakiwa kuonyesha x16 ikionyesha x4, pengine imefungwa kwenye sloti ya pili, au vidole vyake vya dhahabu ni vichafu. Visugue kwa kifutio cha penseli. RX 6400 na RX 6500 XT zimeundwa na njia nne tu, ambazo kwenye PCIe 4.0 zinatosha. Mashine zetu za kizazi cha tatu na cha nne zina PCIe 3.0, kwa hiyo kasi ya njia hizo inapungua nusu, na kadi ya GB 4 iliyojaa ndipo inapoteseka. Kadi za Intel Arc nazo zinahitaji Resizable BAR, uwezo wa prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo, ambao Intel wanautambua kuanzia prosesa zao za kizazi cha 10. Kwenye OptiPlex ya 2013 usijaribu Arc, hata ikipatikana kwa bei nzuri.

Sasa, kadi gani

Ikiwa majaribio yamethibitisha kadi ndiyo inayozuia, chagua kwa kuanzia pawa saplai.

Kwa pawa saplai ya asili ya wati 240 hadi 300 isiyo na waya wa kadi, chaguo langu ni RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka 2024. Inakula wati 70, zote kutoka kwenye sloti. Usiichanganye na RTX 3050 ya GB 8, ambayo inakula 130, inahitaji waya, na ina viini vingi zaidi. Pesa ikiwa haifiki hapo, GTX 1650 ya mtumba, wati 75, lakini hakikisha ni toleo lisilo na tundu la pini 6, maana yapo ya aina zote mbili. RX 6400 yenye wati 53 naiweka ya tatu, kwa sababu ya zile njia nne na kwa sababu haina kifaa cha kurekodi video. Mashine nyembamba zinahitaji kadi ya kimo kifupi yenye kibati kifupi, na baadhi haziruhusu kadi inayokalia sloti mbili. Pima kwa rula ndani ya kasha, sentimita kwa sentimita, kabla ya kutuma hela.

Ukiwa na pawa saplai nzuri ya wati 450 au 500, yaani ampea za kweli kwenye +12V, tafuta RX 6600. GB 8, wati 132, waya mmoja wa pini 8, na inacheza gemu nyingi kwa 1080 bila shida. GTX 1660 Super ya GB 6 na wati 125 inaifuata. RX 580 ya GB 8 ndiyo rahisi zaidi sokoni na wengi wananiuliza kuihusu. Ni kadi ya 2017 na inakula wati 185. Tofauti yake na RX 6600 ni wati 53. Ukicheza saa nne kila siku, kwa mwezi ni uniti 6 na zaidi za LUKU, juu ya joto la ziada ndani ya kasha. Bado inaweza kuwa uamuzi sahihi kwa mwenye bajeti finyu na pawa saplai imara, mradi ajue anachokichukua.

Umri wa draiva una maana yake pia. Nvidia walifunga draiva za gemu mpya kwa mifululizo ya GTX 900 na 10 mwezi Oktoba 2025, na wamebakiza marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2028. GTX 1060 na 1050 Ti zitaendelea kucheza gemu zilizopo, lakini nisingezinunua leo isipokuwa bei iwe ndogo sana. Na zipo gemu, kama Doom: The Dark Ages ya 2025, zinazodai kadi yenye sehemu maalumu ya kukokotoa miale ya mwanga. Kadi zote za GTX hazina, pamoja na 1660 Super, na kushusha mipangilio hakutasaidia.

Anayefikiria RTX 4060 kwenye i5 ya kizazi cha nne namshauri asimame. Pesa hiyo igawanye kati ya mazabodi, prosesa na RAM mpya zaidi pamoja na kadi ndogo. Tazama na monita yako: ikiwa ni ya 60Hz, haiwezi kukuonyesha zaidi ya fremu 60 kwa sekunde, na ikiwa ni ya 1600 kwa 900, kadi ya kati tayari inatosha.

Kuipokea kadi

Kadi za mtumba ziliongezeka sana baada ya Ethereum kuacha uchimbaji kwa kadi tarehe 15 Septemba 2022. Kadi iliyochimba sarafu si lazima iwe mbovu, ila feni na pedi zake zimechoka. Izungushe feni kwa kidole usikilize. Inuse, kadi iliyoungua haifichi harufu. Tazama skrubu kama vichwa vimechubuka, na uangalie kuzunguka chipu za kumbukumbu: mabaki meupe au ya kunata yanaonyesha iliwahi kupashwa moto.

Ukinunua hapa mjini, beba mashine yako hadi dukani na uifungie humo humo. Endesha FurMark, programu ya kuichosha kadi kwa majaribio, dakika 15, ukitazama joto na picha, halafu gemu halisi dakika nyingine kama hizo. Ukiagiza Kariakoo, omba video moja isiyokatwa inayoonyesha kadi ikiwa ndani ya mashine, GPU-Z ikiwa wazi, tarehe ya siku hiyo kwenye skrini, na FurMark ikikimbia. Wapo wanaovuka Namanga kwenda Luthuli Avenue, Nairobi, ambako chaguo ni pana. Uliza gharama za forodha kabla ya safari, na kumbuka kwamba kadi ikigoma, kuirudisha ni safari nyingine ya kuvuka mpaka.

Risiti iandikwe jina kamili la kadi, kumbukumbu yake, ile namba ya utambulisho iliyobandikwa nyuma, na siku ambazo muuzaji anakubali kuipokea ikirudishwa. Piga picha ya kibandiko hicho mkiwa wote wawili mbele ya kaunta, kabla kadi haijaingia kwenye mfuko.